Ofisa mchanga wa ujasusi wa majini na gharama ya kontena Mombasa

Desemba 18, 2023, kamati ya soko la bima la London inayoorodhesha maeneo ya bahari yenye hatari ya vita ilisogeza mstari wake katika Bahari ya Shamu. Mpaka wa kaskazini wa eneo hilo, uliokuwa kwenye nyuzi 15, ukapandishwa hadi nyuzi 18. Kwa mfanyabiashara wa Namanga au Tunduma, nyuzi tatu kwenye ramani hazina uzito wowote. Uzito wake ulikuja kuonekana kwenye ankara za mawakala wa meli.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kabla ya Wahouthi wa Yemen kuanza kushambulia meli za biashara Novemba 2023, bima ya hatari ya vita kwa safari moja ilikuwa chini ya asilimia 0.1 ya thamani ya meli. Mwanzoni mwa 2024 ikafika kati ya asilimia 0.7 na 1. Chukua meli ya dola milioni 50: asilimia 0.7 ni dola 350,000 kwa safari moja. Ikiwa imebeba makontena 2,000, kila kontena limeongezewa dola 175 kabla mtu hajataja mafuta, mishahara ya mabaharia wala tozo za bandari. Meli zilizokwepa njia hiyo zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari kati ya Asia na Ulaya ikaongezeka siku 10 hadi 14, na uhaba wa meli na makontena ukapandisha nauli hata katika njia zisizopita Bahari ya Shamu kabisa. Ndiyo maana aliyeagiza vipuri au viatu kutoka China, mzigo usioonana na Mfereji wa Suez, naye alilipa.

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wanaifahamu sehemu hiyo ya habari, maana waliilipia. Isiyofahamika sana ni habari ya watu wanaosema hatari iko wapi. Wenye bima hawakai baharini. Wanasoma taarifa, na sehemu kubwa ya taarifa hizo hutoka kwa manahodha wenyewe, kwa majeshi ya majini na kwa vituo vinavyoshirikiana na majeshi hayo. Ndani ya majeshi, kazi ya kuunganisha vipande vya habari haianzii kwa majenerali. Huanzia chini, kwa vijana waliotoka mafunzoni juzi. Jeshi la Majini la Marekani, ambalo Kikosi chake cha Tano kina makao makuu Bahrain, linafaa kuwa mfano kwa sababu linatangaza wazi jinsi linavyowaajiri na kuwapangia kazi vijana hao.

Kutoka darasani hadi melini

Kijana mwenye shahada anayetaka kazi hiyo hupitia shule ya maofisa ya Newport, Rhode Island, au chuo cha jeshi la majini cha Annapolis, au mafunzo ya maofisa yanayoendeshwa katika vyuo vikuu vya kawaida. Hutoka na cheo cha ensign, ambacho kwa majeshi ya Afrika Mashariki ni kama luteni usu. Kisha hupelekwa Dam Neck, Virginia, kwa kozi ya msingi ya ujasusi ya takriban miezi mitano. Hufundishwa silaha za mataifa mengine, kusoma picha zilizopigwa kutoka angani, kuandika tathmini fupi, na zaidi ya yote kusimama mbele ya watu na kueleza jambo likaeleweka.

Wengi hudhani kwamba kituo cha kwanza baada ya hapo ni ofisi yenye milango ya chuma na mafaili ya siri. Kwa desturi kimekuwa kikosi cha ndege. Ensign hukabidhiwa marubani, mara nyingi yeye akiwa ofisa pekee wa ujasusi kati yao, na kikosi kikipanda meli ya kubeba ndege naye hupanda. Wengine hupangiwa meli yenyewe, au meli za kubeba wanajeshi wa Marines, au ndege za doria za masafa marefu, au makomando wa majini. Kituo hicho huchukua miaka miwili hadi mitatu, na ndicho kinachoamua kama mtu huyu atatajwa kwa jina zuri au la.

Kazi ya kila siku haina mambo ya sinema. Kabla rubani hajaruka, lazima mtu amweleze ni kombora gani linaweza kumfikia, linatoka wapi, na kati ya meli zote zilizo chini yake ipi ni ya biashara na ipi sivyo. Rubani akirudi, mtu yule yule humhoji alichokiona, huandika, hupeleka juu. Anayeeleza ana miaka 23. Anayeelezwa ameshakaa angani mamia ya saa. Kijana akibuni jibu, wale wakubwa humgundua siku hiyo hiyo, na tangu hapo hakuna atakayemsikiliza tena. Kwa hiyo neno la kwanza analojifunza ofisa wa aina hii ni "sijui, nitaleta jibu kabla hamjaruka". Kuna na kazi za pembeni zisizo na sifa: kutunza nyaraka za siri, kuhakikisha kila mwenye ruhusa ya kuzisoma ruhusa yake haijaisha, kutengeneza slaidi saa nane za usiku.

Waliokuwa na meli ya USS Dwight D. Eisenhower na kundi lake kuanzia Oktoba 2023 hadi katikati ya 2024 walipata kituo cha kwanza ambacho waliowatangulia hawakukiona kwa miaka mingi: makombora halisi yakielekezwa kwenye meli halisi za biashara. Mlango wa Bab el-Mandeb, penye wembamba wake, una upana wa kama kilomita 30. Humo hupita meli za makontena, za mafuta, za ng'ombe na mbuzi wanaopelekwa Saudia, majahazi ya Wayemeni na Wasomali, na mitumbwi ya wavuvi wa Eritrea na Djibouti. Kwenye kioo cha rada vyote ni vidoa.

Jahazi lipi?

Hapo ndipo kazi ya kijana huyu inapomgusa mtu wa soko moja kwa moja, kwa sababu bahari ya Afrika Mashariki ni bahari ya majahazi. Meli kubwa hutangaza jina na mahali ilipo kwa mtambo wake wa utambulisho. Jahazi la mbao kwa kawaida halina mtambo huo. Linaweza kuwa limebeba tende, mchele na magodoro. Linaweza kuwa limebeba heroini kutoka pwani ya Makran kuelekea kusini. Linaweza kuwa na silaha. Sura ni moja.

Usiku wa Januari 11, 2024, makomando wa majini wa Marekani walipanda jahazi moja karibu na pwani ya Somalia. Wawili kati yao walizama na kufa. Ndani ya jahazi hilo zilikutwa sehemu za makombora yaliyotengenezwa Iran yakielekea kwa Wahouthi. Safari hiyo waliotathmini walikuwa sahihi, na bado iligharimu maisha. Kulichagua jahazi moja kati ya mamia ni kazi ya wiki nyingi ya kujua majahazi hutoka wapi, msimu gani, yanakaa bandari gani siku ngapi, na lipi limefanya jambo ambalo mengine hayafanyi.

Wanapokosea, gharama huenda kwa mwenye mzigo. Mwaka 1993 ujasusi wa Marekani ulidai kwamba meli ya makontena ya China, Yinhe, ilikuwa imebeba kemikali za kutengenezea silaha kwenda Iran. Meli ilifuatwa na manowari na ndege, ikanyimwa kutia nanga ilikokusudia, ikaelea baharini kwa wiki kadhaa. Hatimaye ikakaguliwa Dammam, Saudi Arabia. Ukaguzi ulipokamilika mapema Septemba hakuna kemikali iliyopatikana. Marekani ilikataa kuomba radhi. Mzigo uliokuwa ndani ya meli hiyo ulikuwa na wenyewe, na wenyewe hao walikuwa na wateja waliokuwa wakisubiri.

Kosa la namna hiyo halipimwi kwa ukubwa wa meli. Jahazi la magodoro likisimamishwa siku nne kwa kushukiwa bure, nahodha hana shirika la bima la kumlilia.

Ngazi na dari lake

Basi kijana anatarajia nini kutoka katika kazi hii? Mshahara wa msingi wa ensign mpya mwaka 2025 ulikuwa karibu dola 4,000 kwa mwezi, posho za nyumba na chakula zikiwa kando. Cheo cha pili hufuata baada ya miaka miwili na cha luteni baada ya miwili mingine, karibu bila ushindani kwa asiye na doa. Ushindani huanza kwenye cheo cha luteni kamanda, mnamo mwaka wa tisa hadi wa kumi na moja. Mwongozo ulioambatana na sheria ya vyeo ya 1980 unalenga kwamba asilimia 80 wafike luteni kamanda, 70 ya hao wafike kamanda, na 50 ya hao wafike kepteni wa majini. Aliyerukwa mara mbili, kwa kawaida hufungasha virago. Hakuna kubaki luteni hadi uzeeni.

Dari jingine halina mjadala. Ofisa wa ujasusi haongozi manowari. Yumo katika kundi la maofisa wa fani maalumu ambao hawapewi amri ya meli ya kivita, hata awe hodari namna gani. Katika jeshi ambalo heshima kubwa kuliko zote ni kusimama kwenye daraja la meli na kusema "hii ni yangu", kijana anayeingia ujasusi anakubali tangu siku ya kwanza kuwa mshauri wa mwenye amri. Tangu 2016 fani yake imewekwa pamoja na ya mawasiliano, ya hali ya hewa na ya unasaji wa mawimbi chini ya jina moja la vita vya habari, na siku hizi kundi la meli ya kubeba ndege lina kamanda wake wa vita vya habari mwenye cheo cha kepteni. Hiyo ni ngazi mpya na ni heshima ya kweli. Meli bado si yake.

Anayetaka kujua jeshi hilo huwalipaje wanaopatia, asome habari za Joseph Rochefort. Ofisa huyu alipelekwa Tokyo kusoma Kijapani akiwa kijana, na mwaka 1942 aliongoza kundi lililokuwa likivunja mafumbo ya redio za Japani kutoka chumba cha chini ya ardhi Pearl Harbor. Wakubwa wa Washington walikuwa na tathmini nyingine. Yeye na mwenzake Edwin Layton, ofisa wa ujasusi wa kikosi cha Pasifiki, walishikilia kwamba shabaha ni kisiwa cha Midway. Mwezi Juni Japani ilipoteza meli nne za kubeba ndege hapo Midway. Kabla mwaka haujaisha Rochefort aliondolewa Hawaii, na baadaye akapewa kusimamia gati linaloelea la kutengenezea meli. Nishani aliyopendekezewa iliidhinishwa mwaka 1985, miaka tisa baada ya kufa kwake.

Jambo la maana zaidi katika mkasa huo, kwa leo, ni ile miaka ya Tokyo. Rochefort na Layton waliweza kusikia wasichosikia wengine kwa sababu jeshi liliwaacha wajifunze nchi moja na lugha moja kwa miaka mitatu mfululizo. Ngazi ya vyeo ya sasa inavuta upande mwingine. Ofisa anatakiwa apitie meli, kisha ofisi ya nchi kavu, kisha meli tena, kisha makao makuu ya pamoja, kila mahali miaka miwili au mitatu, ili faili lake lionekane limekamilika mbele ya bodi ya vyeo. Luteni aliyekaa Bahrain muda wa kutosha kujua kwamba majahazi ya msimu wa kaskazi hayatembei kama ya kusi, na kwamba nahodha wa Kiswahili anayesimama Kismayu siku mbili pengine anasubiri maji ya kunywa tu, hupewa barua ya uhamisho wa kwenda Japani au San Diego. Anayempokea anaanza na alifu.

Hasara hiyo haionekani kwenye bajeti ya Marekani. Inaonekana kwenye tathmini inayochora eneo la hatari kwa mkono mpana, kwa kuwa asiyejua huongeza tahadhari. Kwa mwanajeshi hiyo ni busara, kwa mwenye kontena ni dola.

Upande huu wa bahari

Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake ya kazi hii, ingawa haifundishwi sana. Manowari ya Ujerumani Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikatoweka. Waingereza, wenye jeshi la majini kubwa kuliko yote duniani wakati huo, hawakujua iko wapi. Karatasi zilizokutwa katika meli ya Kijerumani iliyokuwa Lindi zikadokeza kwamba makaa ya mawe yanapelekwa Rufiji. Huko delta, nyuma ya mikoko, ndiko ilikokuwa. Ilichukua hadi Julai 1915 kuimaliza, kwa ndege zilizoruka kutoka Mafia na wenyeji waliojua maji yanajaa na kutoka saa ngapi. Hati za mizigo na watu wa mtoni walijua kabla ya wakuu wa majini.

Leo vituo vipo. Mwongozo wa Djibouti uliopitishwa Januari 2009, wakati uharamia wa Kisomali ukipamba moto, ulizaa vituo vitatu vya kupashana habari: Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Baadaye, kwa fedha za Ulaya, kikaongezwa kituo cha kuunganisha habari Madagascar na cha kuratibu operesheni Shelisheli, ambako nchi za eneo hupeleka maofisa wa kuziwakilisha. Kenya na Shelisheli ni wanachama pia wa muungano wa majini wenye makao Bahrain, ambao una zaidi ya nchi 40. Vyombo havikosekani.

Kinachohitaji kuulizwa ni nani anakaa kwenye viti hivyo na anatarajia nini akitoka. Ofisa mchanga wa Mtongwe au Kigamboni akipelekwa kukaa miaka mitatu mbele ya kompyuta akilinganisha orodha za meli, je, akirudi anapandishwa au anakuta wenzake waliobaki kwenye boti za doria wamempita? Jeshi dogo lina nafasi chache za ujasusi wa majini, na ngazi yake ikiwa fupi kijana mwerevu ataikimbia. Hapo Afrika Mashariki ina faida ambayo Bahrain haina: kijana wa Lamu, Tanga au Pemba hahitaji kozi ya kumfundisha jahazi ni nini, na hahamishiwi Japani. Akiachwa kwenye fani yake miaka kumi, atajua mambo ambayo hakuna setilaiti itakayoyajua. Akizungushwa kama mfano wa Wamarekani ulivyo, eneo litakuwa limenunua udhaifu wao bila kuwa na meli zao.

Suala hili si la Kenya na Tanzania peke yao. Mzigo wa Kampala, Kigali, Bujumbura, Juba na Goma hupita maji hayo hayo, na wenye mzigo huo hawana jeshi la majini la bahari kuu la kuliuliza lolote. Nchi za Jumuiya zilisaini itifaki ya ushirikiano wa ulinzi mwaka 2012. Hakuna sababu ya msingi kwa nini ofisa wa Uganda aliyezoea doria za Ziwa Victoria, au wa Rwanda aliyezoea Kivu, asikae kwenye dawati la Mombasa au Dar es Salaam akifuatilia shehena zinazokwenda kwao.

Uharamia nao umeonyesha kwamba kosa la tathmini linaweza kuelekea upande wa pili. Januari 1, 2023, mashirika ya wenye meli yaliondoa alama ya eneo la hatari kubwa katika Bahari ya Hindi, baada ya miaka ya utulivu. Desemba mwaka huo huo maharamia waliiteka MV Ruen, ambayo jeshi la majini la India liliikomboa Machi 2024. Mwezi huo huo wa Machi wakaiteka MV Abdullah, meli ya Bangladesh iliyokuwa imebeba makaa ya mawe kutoka Maputo kwenda Falme za Kiarabu. Iliachiwa Aprili. Wakati majini ya dunia yakitazama Yemen, ni nani aliyekuwa akiitazama pwani ya Puntland kila siku?

Kwa mwenye mzigo, taarifa za awali hazijafichwa. Kituo cha Uingereza cha kupokea taarifa za meli za biashara, UKMTO, hutangaza bure kila tukio linaloripotiwa kutoka Bahari ya Shamu hadi Bahari ya Hindi, tarehe na mahali. Tozo ya hatari ya vita huandikwa kwenye ankara kwa jina lake. Mteja anayekutana nayo kwenye mzigo uliotoka Mumbai au Guangzhou ana haki ya kumwuliza wakala: meli ilipita wapi, eneo lipi la orodha ya London, na tozo ilianza kutumika tarehe gani. Orodha hiyo hubadilishwa mara kwa mara, maeneo yakiongezwa na mengine yakiondolewa. Tozo zina tabia ya kupanda siku hiyo hiyo na kushuka baada ya miezi.